Macho ya Kuazima

Fuso ilikuwa imeshiba. Viazi mviringo vya Njombe, magunia ya lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo, yamepangwa hadi turubai likatuna, kamba zimekazwa na kukazwa tena. Ilikuwa jioni ya Julai. Dalali wa Dar es Salaam alikuwa amepiga simu mara ya pili kutaka mzigo uwahi sokoni kabla bei haijateremka, na tajiri, mwenye gari, naye alikuwa amepiga kuuliza kama wameshaondoka. Dereva alikuwa kijana mwenye mkono mzuri. Halewi, havuti chochote, na kila asubuhi hukagua oili, maji na upepo wa matairi kabla hajawasha injini. Utingo wake alikuwa mtoto wa Uwemba, ameacha jembe ili ajifunze gari. Saa mbili usiku wakatoka.

Dereva huyu simpi jina kwa sababu si mtu mmoja. Nimemuunda kwa vipande ambavyo yeyote anayeishi kando ya barabara ya Njombe, Makambako na Mafinga atavitambua. Kisa ni cha kutunga. Barabara, baridi, ukungu na hesabu za breki ni vya kweli. Tena nimemfanya mtu mwema makusudi. Visa vingi vya ajali tunavyosimuliana vina dereva mlevi au kichaa wa mwendo, na msikilizaji huondoka amefarijika, maana yeye hanywi wala si kichaa. Ukungu hauna habari na tabia ya mtu. Unamuuliza jambo moja tu: unaona umbali gani, na unaweza kusimama ndani ya umbali huo?

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti baridi yake haina mchezo. Usiku mbingu ikiwa safi, ardhi hupoteza joto upesi. Hewa yenye unyevu iliyolala juu yake hupoa, na mvuke hugeuka kuwa vitone vidogo mno, vyembamba kuliko unene wa unywele, vinavyoelea bila kuanguka. Ukungu wa namna hii hupenda mabonde, vijito na madaraja. Upo na ule wa aina ya pili, ambao kusema kweli ni wingu lenyewe limekaa juu ya kilima na barabara inapita ndani yake. Wataalamu wa hali ya hewa huuita ukungu pale macho yanaposhindwa kuvuka mita 1,000. Sisi barabarani huanza kuujali ukishatubakizia mita hamsini.

Ubaya wa ukungu wa mabondeni ni kwamba hautandi sawasawa. Gari linapanda, nyota zinaonekana, dereva anavuta pumzi na kukanyaga mafuta afidie dakika alizopoteza. Kisha anateremka upande wa pili na kuingia kwenye ukungu mwingine mzito kuliko wa kwanza, akiwa bado na mwendo wa kilimani. Kijana wetu alifanya hivyo mara kadhaa baada ya kuipita Kibena, na kila mara alitoka salama. Hapo ndipo lilipomwingia somo baya. Mtu akiponea chupuchupu bila kujua kwamba ameponea chupuchupu, hujihesabia kuwa ni fundi.

Makambako ni njiapanda. Barabara ya Songea na Njombe hukutana hapo na barabara kuu ya kwenda Zambia, reli ya TAZARA nayo hupita hapo, na malori ya Tunduma, ya mizigo ya Zambia na Kongo, hulala hapo kwa safu. Kijana akaegesha wanywe chai. Kwenye benchi alikuwapo dereva mmoja wa semi, mtu mzima, kofia ya sufi imeshuka hadi kwenye nyusi. Si Mbena wa Njombe, lakini miaka ya njiani ilikuwa imempa salamu za kila wilaya.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kamwene. Mmetoka Njombe?"

"Ndiyo, mzee. Tuna viazi, tunaiwahi Dar."

"Waliotoka Mafinga wanasema kuanzia Nyororo kumefunga kabisa. Mimi nalala hapa mpaka jua litoke."

"Dalali hanipi nafasi, mzee. Na tajiri kashapiga anauliza tumefika wapi."

"Viazi haviozi kwa usiku mmoja, tena kwenye baridi hii. Na wewe umebeba mtoto wa watu humo ndani."

Utingo akacheka, akasema yeye si mtoto. Kijana akamaliza chai yake akiwa amesimama.

"Nitajibana nyuma ya basi litakalopita. Wale barabara wanaijua."

Mzee akatikisa kichwa. "Nguo ya kuazima haistiri maungo, mwanangu, na macho ni hivyohivyo. Mwenye basi anaona kwa ajili ya basi lake."

Maneno yaliishia hapo. Mabasi ya usiku hayakosekani siku hizi, tangu mwaka 2023 yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku baada ya kuzuiwa miaka mingi, na halikupita muda mrefu moja likapita likielekea Mafinga. Fuso ikaingia nyuma yake.

Ukungu ulianza kama walivyoambiwa, na ulikuwa mzito kuliko walivyoambiwa. Kitu cha kwanza alichofanya kijana ni kile wanachokifanya wengi: akawasha taa kubwa. Papo hapo mbele yake pakasimama ukuta mweupe. Kila kitone cha ukungu hurudisha sehemu ya mwanga kule ulikotoka, na taa kubwa zinazomulika mbali na juu hulijaza jicho la dereva mwanga wake mwenyewe. Akarudisha taa ndogo, akaona lami kidogo. Hilo alilifanya vizuri. Taa za ukungu zenyewe hufungwa chini, karibu na bampa, na mwanga wake ni mpana na mfupi, upite chini ukiangaza lami na kingo zake. Ndiyo sababu zile taa za urembo tunazozifunga juu ya kabini, hata zikiwa na nguvu kiasi gani, huongeza upofu. Rangi ya njano haina muujiza wowote. Kinachosaidia ni mahali taa ilipofungwa na pembe inakotazama.

Kioo nacho kikaanza kufifia. Pumzi za watu wawili ndani ya kabini iliyofungwa hutosha kutanda kiooni kwa ndani, huku vitone vya ukungu vikitanda kwa nje, na dereva anaona giza moja asijue limetoka upande gani. Utingo akafuta kwa kitambaa, kijana akawasha waipa na kipuliza hewa cha kioo. Dirisha hawakulifungua, kwa sababu ya baridi, na redio ilikuwa inaimba. Nasikitika kila ninapofika hapa katika kisa hiki. Macho yanapozibwa, masikio huwa ndiyo mlinzi anayebaki: honi, injini inayounguruma imesimama, mtu anayepiga kelele. Dirisha lililoteremshwa kiasi cha kiganja na redio iliyozimwa ni vitu visivyogharimu hata shilingi.

Basi lilikuwa mbele, taa zake mbili nyekundu zikiwa wazi. "Suka, hapo umepata mwenyeji," utingo akasema, na kweli, ndani ya kabini mambo yalitulia. Mshale wa mwendo ulikuwa kwenye 70.

Utulivu huo ndio ninaotaka tuukague, maana ndani yake ndimo ajali ilimokuwa. Dereva aliye peke yake ndani ya ukungu anaogopa, na hofu hiyo ina haki. Inamfanya atoe mguu kwenye mafuta. Zikitokea taa nyekundu mbele, jicho linapata mahali pa kutua na hofu inaondoka, lakini ukungu haujapungua hata kidogo. Kuna jambo la pili baya zaidi. Ili taa za mwenzako zisipotee, lazima umkaribie, na kadiri ukungu unavyozidi ndivyo unavyozidi kumkaribia. Pale ambapo ungepaswa kuacha nafasi kubwa kuliko siku zote ndipo unapoacha ndogo kuliko siku zote. Na yule wa mbele huenda naye ameazima macho ya mwingine aliye mbele yake, hata ukawapo msafara mzima ambao kuna mtu mmoja tu anayeiona barabara, naye haioni vizuri.

Hebu tuhesabu. Gari linalokwenda kilomita 70 kwa saa linameza mita 19 kila sekunde. Toka jicho lione hatari hadi mguu ufike kwenye breki, mtu mzima asiyesinzia hutumia kama sekunde moja na nusu. Hapo zimeshakwenda karibu mita 30 na gari halijaanza hata kupungua. Kwenye lami yenye unyevu, breki zikiwa nzima na matairi yana meno, zinatakiwa mita nyingine zaidi ya 45. Jumla ni zaidi ya mita 75, na hapo sijauweka mzigo uliozidi wala tairi lenye kipara. Usiku ule macho ya kijana yalikuwa yakifika mita arobaini hivi. Kwa hiyo alikuwa na mita thelathini na zaidi za upofu mbele yake, muda wote, na alikuwa akizikimbilia.

Angeshuka hadi kilomita 40 kwa saa, gari lingehitaji kama mita 33. Kwa 30, kama 21. Mwendo ukipungua nusu, umbali wa kuburuza breki hupungua mara nne, na hii ndiyo rehema iliyofichwa kwenye mshale ule ambao hatuutazami. Tuutazame, kwa sababu ukungu hufuta nguzo, miti na nyumba, vitu ambavyo kila siku humwambia dereva kwa pembeni ya jicho kwamba anakimbia. Vikishafutwa, kilomita 70 huonekana kama mwendo wa kwenda msibani.

Namna ya kujipima ndani ya ukungu ni nyepesi na haihitaji kifaa. Kitu chochote kilichosimama kinapojitokeza, nguzo, kibao, mti ulio ukingoni, anza kuhesabu kwa sauti: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu, mia moja na nne. Ukikifikia kabla hujamaliza nne, unakwenda kasi kuliko macho yako. Punguza, kisha pima tena. Ukiona hata mwendo wa miguu haukupi hesabu hiyo, ujumbe ni kwamba safari imesimama, kilichobaki ni kutafuta mahali. Na jicho lifuate mstari mweupe wa pembeni, upande wako wa kushoto, lisifuate ule wa katikati; anayekuja mbele naye anautafuta huohuo wa katikati.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inayaruhusu magari yenye uzito unaozidi kilo 3,500 kwenda hadi kilomita 80 kwa saa nje ya makazi. Nimesikia madereva wakijitetea kwa namba hiyo, kwamba hawakuivuka. Namba hiyo ni ya barabara kavu na macho yaliyo wazi. Ndani ya ukungu, anayekwenda 70 anaweza kuwa hajavunja kibao hata kimoja na bado akawa anaendesha gari lisiloweza kusimama.

Walikuwa wameshaingia kwenye misindano ya Sao Hill, msitu mkubwa kuliko yote ya kupandwa Tanzania, mahali ambapo giza la miti huongezwa juu ya giza la usiku. Mbele yao palikuwa na semi iliyoharibika tangu magharibi. Taa za nyuma za trela haziwaki, viakisi vimefunikwa na tope. Utingo wa semi hiyo alikuwa amekata matawi na kuyalaza barabarani kama desturi yetu ilivyo, lakini tawi la kwanza lilikuwa hatua thelathini tu nyuma ya trela. Mchana wa jua hatua thelathini ni chache. Ndani ya ukungu zilikuwa si kitu.

Dereva wa basi, aliyekaa juu zaidi na mwenye taa nzuri zaidi, aliyaona matawi akahama kulia, akapita. Bahati yake, upande wa pili hapakuwa na mtu. Kijana aliona taa nyekundu zikihama ghafla, na pale zilipokuwa akaona kitu cheusi. Kati yake na kitu kile palikuwa na sekunde moja. Alikata usukani kulia, na upande wa kulia wa Fuso ulipita, ila ubavu wa kushoto wa kabini, upande anaokaa utingo, uligonga kona ya trela. Magunia yakaja mbele kwa uzito wake wote.

Utingo hakufa pale. Hili naomba lisomwe vizuri. Miguu yake ilikuwa imebanwa, alikuwa anaongea, alikuwa anamwita kaka. Kijana alitoka akiwa na damu usoni, akazunguka upande wa kushoto akaanza kuvuta mlango. Watu wawili wa jirani walikuja mbio na tochi. Wote watatu wakainamia mlango uleule, tochi zote mbili zikamulika ndani ya kabini. Nyuma ya Fuso hapakubaki mtu. Nyuma ya Fuso palikuwa na turubai la kijivu ndani ya ukungu wa kijivu, na taa ya nyuma iliyobaki ilikuwa imezibwa na gunia lililoning'inia.

Noah ilikuja baada ya dakika chache. Haikuwa na mwendo wa kutisha. Iliigonga Fuso kwa nyuma, Fuso ikasukumwa tena kwenye trela, na utingo, yule mtoto wa Uwemba, akaondoka duniani kwa mgongano wa pili. Mmoja wa waliokuja kuokoa alivunjika mguu.

Mgongano wa pili si wa kwetu peke yetu. Tarehe 11 Desemba 1990, karibu na mji wa Calhoun katika jimbo la Tennessee, Marekani, magari 99 yaligongana ndani ya ukungu kwenye barabara kuu yenye njia zilizotenganishwa. Watu 12 walikufa. Yaligongana kwa sababu kila lililosimama liligeuka kuwa kitu cheusi mbele ya lililofuata, na lililofuata halikuwa na umbali wa kusimama. Baada ya msiba ule waliweka vifaa vya kupima ukungu, vibao vinavyobadili kikomo cha mwendo, na mageti ya kufunga barabara kabisa. Sisi kwenye kipande cha Nyororo tuna tochi, matawi na miguu ya watu. Vinaweza kuokoa, vikitangulizwa.

Kwa hiyo utaratibu unageuka juu chini ukilinganisha na silika yetu. Silika inasema: mkimbilie aliyeumia. Ndani ya ukungu, wa kwanza kufika na mwenye nguvu za miguu akimbie kurudi nyuma, kule magari yatakakotokea, akipita pembeni nje ya lami, hatua mia moja na hamsini au zaidi, tochi au simu inawaka, anapunga nguo nyeupe kama anayo. Mwingine aende mbele vilevile. Ndipo wa tatu auvute mlango. Anayeweza kutembea aondoke barabarani, apande ukingoni, asikae ndani ya gari na asisimame kati ya gari na gari. Kama mko wawili tu na mmoja amebanwa, atakayebaki mzima ana uchungu wa kumwacha mwenzake anaita, na bado ni lazima aende. Ni jambo gumu kuliandika. Nadhani ni gumu mara mia kulitenda, ndiyo maana lizungumzwe kabla, kwenye benchi la chai, dereva na utingo wake: likitokea, wewe utakwenda nyuma.

Na aliyeharibikiwa na gari ana deni lake. Matawi ni desturi nzuri, imeokoa watu wengi, lakini yaanzie mbali, kabla ya kona na kabla ya kilele cha mlima. Pembetatu ya kiakisi iwe nje ya gari, si chini ya kiti ikisubiri trafiki aulize. Gari linaloweza kusogea hata kwa stata lisogezwe litoke lami yote. Na kukikucha, mawe na matawi yaondolewe. Tumeacha mawe mangapi barabarani yakisubiri pikipiki ya usiku unaofuata?

Niseme neno juu ya hazadi, maana limekuwa ugonjwa. Mvua ikinyesha au ukungu ukishuka, madereva wetu wengi huwasha hazadi huku wanatembea. Nia yao ni njema, wanataka waonekane. Lakini aliye nyuma anashindwa kujua kama unatembea au umesimama, na ukitaka kukata kona taa ya kukata haitamwambia kitu. Hazadi ikiwashwa na kila mtu inapoteza maana yake siku mtu amekwama kweli. Ukiwa unatembea, washa taa ndogo za mbele, zile zinazowasha na za nyuma, hata mchana. Ukisimama, ndipo hazadi.

Mvua ina mambo yake, na mengi ni ndugu wa haya. Ile ya kwanza baada ya kiangazi ndiyo ya kuogopwa kuliko ya masika, kwa sababu inakuta oili na vumbi la miezi juu ya lami na kuvikoroga vikawa utelezi kabla haijaviosha. Vumbi la barabara ya changarawe, na moshi wa nyika inayochomwa, ni ukungu wa kiangazi; anayepita gari jingine ndani ya vumbi anaingia upande wa watu wengine akiwa kipofu. Kwenye mteremko wa Kitonga, mbele ya Iringa, kosa linageuka tena: macho yanaona vizuri, breki ndizo zinazokufa. Gari zito linaloshushwa kwa breki tupu huzichoma hadi zikaacha kushika, na anayeweka nyutro aokoe mafuta amejivua kinga ya mwisho. Madereva wa zamani hushuka kwa gia ambayo wangepandia, injini ikilizuia gari, breki zikiguswa kwa vipindi. Mteremko mrefu hauna nafasi ya kurudisha gia uliyoikosa.

Maji yanayokata barabara ni habari nyingine, na hapa siwezi kupita haraka. Tarehe 4 Desemba 2021, basi liliingia kwenye mto Enziu uliofurika, Mwingi, kaunti ya Kitui nchini Kenya. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengi wao wanakwaya waliokuwa wakienda harusini. Maji ya rangi ya udongo hayamwonyeshi mtu kama barabara bado ipo chini yake. Sentimita 30 za maji yanayokimbia hutosha kuielesha gari ndogo na kuipeleka. Sentimita 60 huchukua magari mengi, yakiwamo makubwa tunayoyaamini kwa sababu yako juu. Ukifika ukakuta gari lililotangulia limevuka salama, umeazima macho tena, tena ya mtu ambaye naye hakuona kitu. Alibahatika, na maji yamepanda tangu alipopita.

Abiria naye ana mdomo. Tunawalaumu madereva huku tumekaa viti vya nyuma tukilalamika kwamba basi linatambaa. Dereva anayesikia watu arobaini wakiguna nyuma yake anahitaji moyo mkubwa kubaki kwenye kilomita 30. Wachache wakisema kwa sauti, "Dereva, pole pole, tutafika," wanamtua mzigo usioonekana.

Kijana wetu alifikishwa mahakamani kwa kusababisha kifo. Alistahili kujibu, usukani ulikuwa mikononi mwake na mzee alikuwa amemwambia. Ila alijibu peke yake. Dalali hakuitwa, na simu zake hazikusomwa mbele ya hakimu. Tajiri hakuulizwa kwa nini posho ya safari hupungua mzigo unapochelewa, wala nani aliamua kwamba magunia ya lumbesa yapande hadi juu ya kabini. Barabara zetu zimejaa watu wanaoendesha magari wakiwa wamekaa mbali sana na ukungu, kwa simu, na mikono yao haionekani kwenye faili la polisi.

Ukungu wa mabondeni hauna subira na jua. Mara nyingi saa mbili au tatu baada ya kuchomoza huwa umeshanyanyuka. Kwa hiyo kinachoombwa ni usiku mmoja Makambako, au Mafinga, au kwenye kituo chochote cha mafuta chenye uwanja wa kuegesha nje kabisa ya lami. Blanketi mbili kwenye kabini, chupa ya chai, na viazi ambavyo kweli haviozi. Tajiri mwenye gari linalopita Nyanda za Juu Kusini amwite dereva wake kabla ya Juni, mbele ya utingo, amwambie waziwazi: ukungu ukifunga, egesha penye usalama unipigie, na dalali nitaongea naye mimi. Posho isiguswe. Na simu ikiingia saa sita usiku kwamba wamesimama, swali la kwanza la tajiri liwe kama wamepata pa kulala.